Hina Niliyokwenda Nayo Dar es Salaam

Wajukuu wangu wanapenda kuniuliza kama ni kweli niliiona Dar es Salaam ya Mdachi. Nawajibu kwamba niliiona siku moja, tangu asubuhi hadi alasiri, tena nilitembezwa kama mgeni wa heshima. Wakitaka niwahadithie nawaambia wakamwulize mtu mwingine. Sasa wameniletea daftari na kalamu, wakidhani kuandika kutanilainisha. Heri daftari, maana halinikatizi kuniuliza gari la moshi lilikuwa na magurudumu mangapi.

Nilikuwa na mume, na ndiye aliyenipeleka huko ingawa hakuwapo. Alikuwa mchuuzi. Alichukua nguo na chumvi pale kwetu Kilwa Kivinje akaenda nazo bara, Mitole na mbele ya Mitole, akarudi na mpira na sandarusi. Hakuwa tajiri, wala sura yake haikuwa ya kusimamisha watu njiani, na kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilikatwa na shoka alipokuwa mtoto. Lakini alikuwa na mzaha. Akirudi safari aliwaiga watu wa bara wanavyosema, mwenye duka anavyokohoa kabla ya kutaja bei, na baba yangu anavyomwita mwanafunzi mtoro, mpaka nikawa naogopa kucheka barazani siku ya pili yake. Miaka mitatu hatukupata mtoto, na hakuwahi kunisema kwa hilo.

Safari yake ya mwisho aliondoka na homa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na watu wa mtaani walimjia kwa dawa za kitabu. Akamwandikia mkwewe kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha akaziosha kwa maji yenye marashi, zikawa kinywaji. Desturi ni mgonjwa kuinywa palepale hadi tone la mwisho. Mimi ndiye niliyesema asiimalize. Iliyobaki niliimimina katika kichupa kidogo cha marashi, nikakiziba kwa kitambaa, nikamtilia mfukoni anywe njiani homa ikimrudia. Nilijiona mke mwenye akili kweli.

Vita vya Maji Maji vilimkuta hukohuko. Askari wa Mdachi walipoingia Mitole walimpekua na kukiona kile kichupa. Siku zile, mtu kukutwa na kichupa cha maji katika bara ya Kilwa kulitosha aitwe mwasi mwenye dawa ya vita. Aliwaambia ni Kurani. Wakamwambia awaonyeshe hiyo Kurani iko wapi humo ndani, na zafarani ikishayeyuka haina herufi ya kumwonyesha mtu. Baba alikwenda bomani kueleza. Akawekwa juani hadi adhuhuri, kisha akaambiwa arudi kwake akafundishe watoto wake. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa jumbe wa serikali mwenye kofia na bakora, na yeye hakwenda bomani kabisa. Alisema jambo hili likiguswa litawaka zaidi.

Mume wangu alivikwa chuma cha shingo, akaunganishwa na wenzake kwa mnyororo, akapakiwa meli ya kwenda Dar es Salaam. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa na walitembezwa kwenye tope, mbali, hadi penye mashua. Alianguka mara moja na wengine watatu wakaanguka naye. Aligeuza uso upande wa mji, lakini sijui kama aliniona.

Baada ya hapo hakuna habari. Kila meli iliyotia nanga niliuliza, kwa mabaharia, kwa askari, kwa wapishi wa Wazungu. Wengine walisema wafungwa wale wanatengeneza barabara, wengine kwamba wamepelekwa mbali zaidi. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu, yu hai au amekufa. Mke wa aliye hai humngoja mumewe. Mke wa aliyekufa hukaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, bila wanja, bila hina, bila udi, na watu humwacha alie kwa haki yake. Mimi sikuwa huyu wala yule. Wanawake wenzangu walikuwa hawajui hata wanisalimu vipi, waniambie pole au waniulize hajambo huko aliko.

Nikaamua yu hai. Nilipoamua hivyo niliishi hivyo, kwa ukaidi. Idi ilipofika nilitia wanja. Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, binti wa baba mkubwa aliolewa, na mimi ndiye niliyeongoza nyimbo, nikacheza hadi sauti ikakauka na leso ikanianguka. Kuna waliokunja uso. Niliwajibu kwamba mume wangu hakufa, na anayemlilia mtu aliye hai anamwitia mauti. Nilijisikia jasiri. Nakumbuka hata rangi ya leso niliyovaa, nyekundu yenye madoa ya manjano, na ningependa nisiikumbuke.

Maulidi ya mwaka ule yalipopita, Mfungo Sita, bwana mkubwa wa boma alitoa amri. Majumbe na wakubwa wa mji watachukuliwa kwa meli ya serikali wakaione Dar es Salaam siku moja, waonyeshwe kila kitu, kisha warudi wawaambie watu, ili asiwepo tena mjinga wa kudhani anaweza kumpiga vita Mdachi. Baba mkubwa alikuwa wa kwanza katika orodha. Tumbo lake lilikuwa halikubali chakula cha watu, akataka mpishi wa nyumbani. Nilikwenda nikampigia magoti anichukue mimi. Nilimwambia sitaki kuona mji wala majumba, nataka tu aniulizie. Akaniahidi. Akasema, "Mwanangu, nikisimama mbele ya mkubwa wao nitalitaja jina lake mwenyewe."

Nilijiandaa kama bibi harusi. Jirani yangu alinipaka hina viganja, nyayo na kucha zote, tukailaza usiku mzima ikashika vizuri, nyeusi kwa wekundu wake. Nilinunua leso mpya. Nilikaanga visheti, kwa kuwa vinakaa siku nyingi na yeye alikuwa akivipenda, nikavifunga katika kitambaa chini ya kapu. Nilidhani labda nitamwona kupitia uzio, na kama ni mara moja tu ataniona, basi anione nimependeza.

Tulilala juu ya sitaha pamoja na magunia, na asubuhi meli ikaingia bandarini. Siwezi kusema uongo kwamba mji haukuwa mzuri. Nyumba nyeupe zilipangwa ufukweni, njia zilikuwa pana na zimefagiwa, na miti ilipandwa kwa mstari pande zote mbili. Karani mmoja wa serikali alitupokea, kijana wa Kiswahili mwenye kanzu iliyopigwa pasi, koti jeupe juu yake na saa mfukoni. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Alitupanga wawili wawili kama watoto wa chuo, wazee wenye ndevu nyeupe, na mimi na kapu langu nyuma kabisa. Akatusomea mambo tutakayoyaona, moja baada ya jingine, na muda wa kila moja.

Nikamwuliza gereza tutalipita saa ngapi. Alinitazama, akaitazama saa yake, akasema hilo halimo katika matembezi.

Tulionyeshwa kanisa lenye kengele, tukasimama chini tukingoja ilie. Tukaonyeshwa hospitali ya Wazungu kwa nje, na karani akatueleza vitanda vya ndani vilivyo. Tukaonyeshwa duka lenye kioo kikubwa mbele, mzee mmoja akaenda kukigusa, akafokewa. Kila mahali karani alisema, "Na hii nayo ni faida ya serikali," na wazee wakaitikia kwa sauti moja. Kulikuwa na mzee aliyeacha nyumba nzima ina njaa, maana mwaka ule mashamba ya bara yalikuwa yamechomwa na watu walikuwa wakichimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, msituni ili wale. Naye aliitikia. Nilimchukia karani, lakini wale wazee niliwachukia zaidi, na siku hizi nikiwakumbuka nawaonea huruma kidogo, si sana.

Tukafika kwenye nyumba kubwa ya serikali. Mkubwa mmoja wa Kizungu akatoka barazani, akatuhutubia kwa lugha yao, na karani akafasiri. Mwisho aliuliza kama kuna mwenye neno. Baba mkubwa alisimama, akavua kofia. Akamshukuru bwana mkubwa kwa meli, kwa barabara, kwa amani. Akasema watu wa Kilwa ni watoto na serikali ni baba. Akamvika Mzungu kilemba cha ukoka kirefu hadi kikaburuta chini, kisha akainama, akakaa. Jina la mume wangu hakulitaja. Alipopita karibu yangu alitazama kando na kuniambia kwa sauti ndogo kwamba haikuwa nafasi yake.

Kutoka hapo tulipelekwa bustanini. Ilikuwa bustani ya serikali, wanakojaribu miti kutoka kila nchi. Karani alikuwa na fahari nayo kuliko kengele na kioo. Kila mti una jina lake, alisema, na kweli mbele ya kila mti kulikuwa na kijiti, na juu ya kijiti kipande cha bati kilichoandikwa, hata mche usiozidi goti langu. Kulikuwa na mkunazi pia, nao una bati lake. Kwetu mkunazi hatuuandiki. Majani yake tunawaoshea maiti.

Wafungwa ndio waliokuwa wakimwagilia. Walikuwa sita au saba, wameunganishwa kwa shingo, kila mmoja na kopo lake, wakichota kwenye pipa na kumimina shinani. Wazee walijitia hamnazo, wakainua macho kutazama minazi. Mimi nilichelewa nyuma, nikijifanya nafunga kapu langu. Ndipo nikamsikia wa mwisho katika mnyororo akimwambia mwenzake neno kwa maneno ya bara, yaleyale ya Mitole ambayo mume wangu alikuwa akiyaiga nyumbani ili nicheke.

Nilichuchumaa kando ya mti wenye bati, nikainamisha kichwa juu ya kapu. Askari wao alikuwa upande wa pili anawasha kiko.

"Mna mtu wa Kivinje, mchuuzi?" nikamwuliza. "Kidole kidogo cha kushoto hana."

Hakunitazama. Aliendelea kumimina.

"Tulikuwa naye. Shingo yake ilikuwa jirani na yangu."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika Shaabani, siku mbili kabla ya mfungo. Kifua kilimshika."

Ajabu ni kwamba sikuuliza kama alinitaja. Nimejilaumu miaka yote hii. Nilikuwa binti wa mwalimu, na swali lililonitoka lilikuwa la binti wa mwalimu.

"Nani alimwosha?"

Yule mtu alichota tena kwenye pipa. "Hatukupewa maji, mama," akasema, na akayamimina kwenye mti.

Kisha naye akaniuliza lake. Aliuliza kama kukaya wamevuna, yaani huko kwao nyumbani. Nikamwambia wamevuna. Nikamwambia mtama ulizaa sana mwaka huu. Mungu anisamehe uongo ule, na kama hakunisamehe basi, nitakwenda nao. Nilitoa kitambaa cha visheti nikakiacha shinani penye bati, na karani akaita kutoka mbele, mama mwenye kapu asibaki nyuma.

Siku ikaendelea. Hilo ndilo nisilolisahau, kwamba iliendelea. Tulipelekwa kuona gari la moshi. Lilipiga mbinja, wazee wakaruka nyuma, Wazungu wakacheka, karani naye akacheka ili afanane nao. Adhuhuri tulipewa mchele na nyama, nikaupika wa baba mkubwa kwa mkono wangu, akala, akasema umeiva vizuri. Askari wakatupigia tarumbeta. Nilisimama nikasikiliza, mikono nimeificha ndani ya leso, kwa kuwa kila nilipoitazama niliona hina. Kama ningelia pale wangeuliza analilia nini huyu, na baba mkubwa angepoteza kofia yake. Sikulia. Sijui nililinda kofia yake kwa nini, hakuna aliyeniomba.

Melini, bandari ilipokuwa nyuma yetu, nilimwendea. Nikamwambia, "Amekufa. Tangu Shaabani."

"Nani kakwambia?"

"Anayemwagilia miti."

Baba mkubwa alitazama huku na huku kama kuna anayetusikia. Kisha akanishika bega, hilo nalo niliseme.

"Usilie hapa, mwanangu. Ngoja tufike."

Nikangoja. Nilikuwa nimeshakuwa hodari wa kungoja.

Tulipofika sikusalimia mtu. Niliingia nyumbani kwa baba, nikavua leso mpya, nikatoa vipuli, nikamwomba mama nguo nyeupe na chumba cha nyuma kisicho na dirisha la barabarani. Nilikuwa na haraka ya ajabu. Siku zote zile nilikuwa sijui niwe nani, na sasa nilijua, nilikuwa mjane, na kwa mjane kuna mahali pa kukaa na siku za kuhesabu. Nilikuwa nimeanza kutandika mkeka wakati baba alipobisha mlangoni, kitabu mkononi, kidole kimewekwa katikati ya kurasa.

Aliniuliza tena siku aliyokufa. Nikamwambia, siku mbili kabla ya mfungo. Akahesabu kwa vifundo vya vidole, polepole, akarudia. Baba alikuwa mtu mpole na alipenda sana kusema kitu kilicho sahihi.

"Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa," akasema, "si tangu siku ya habari. Yako ilikwisha Mfungo Nne, mwanangu. Huna eda ya kukaa."

Sikumwelewa. Nikamwambia mimi sijakaa hata siku moja. Akasema kujua si sharti. Siku zimepita, na zikishapita zimepita. Nikamkumbusha Idi, na wanja. Nikamkumbusha harusi ya Mfungo Pili, kwamba nilicheza. Yeye alidhani naogopa dhambi, akanituliza, akasema sikujua na Mungu hamwandikii mtu asilolijua. Sikuwa naogopa dhambi hata kidogo. Nilikuwa namwambia kwamba eda yangu ndiyo ile, kwamba mume wangu nilimfanyia msiba wake kwa kuimba na kutupa leso uwanjani, na sasa sheria inasema inatosha. Mdachi aliniondolea mtu, na kitabu cha baba yangu kikaniondolea msiba. Nilimwambia hivyohivyo, kwa sauti, mara ya kwanza na ya mwisho kumpazia baba sauti. Alifunga kitabu, akakaa kizingitini.

Nje, barazani kwa baba mkubwa, watu walikuwa wamejaa kusikiliza habari za mji. Nilimsikia anaiga mbinja ya gari la moshi. Alitia chumvi nyingi, na watu wakacheka.

Mwezi haukuisha, akaja mwenyewe. Alisema kuna mtu mwema wa Lindi, mwenye duka, anataka kuoa, na kwa kuwa eda ilishapita hakuna kizuizi. Nadhani alitaka kunitendea hisani, kulipia ile nafasi ambayo haikuwa yake. Sikubishana naye. Nilimnyooshea mikono yangu. Hina ya viganjani ilikuwa imeshafifia, lakini ya kwenye kucha ilikuwa palepale. Hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa mchanga, bali hungoja kucha ikue. Nikamwambia nitakaa ndani mpaka itoke yote, kisha yeyote atakayekuja na aje.

Nilikaa. Haikuwa eda, na baba alijua si eda, lakini hakunikataza. Chakula alikileta mwenyewe hadi mlangoni, akakiweka chini, akaondoka. Kila Ijumaa nilikata kucha na kutazama wekundu umesogea kiasi gani. Mstari mweupe ulipanda kutoka chini taratibu mno, na mimi sikutaka uharakishe.

Vilipobaki vidole gumba viwili, kisha kimoja, niliazima wembe wa baba, nikakata ncha ya mwisho yenye rangi. Sikuzihesabu zile siku. Nikamwambia mama nataka kuoga. Akaniletea ndoo mbili zilizojaa hadi juu, zinamwagika njiani, akasema nyingine zipo kama hizi hazitoshi. Nilizitazama zile ndoo. Ndipo nilipolia, kwa sababu ya wingi wa yale maji.